Jicho Zuri Ndilo Walilotuonyesha

Nyinyi vijana mnaoingia kazi ya macho mkiwa na simu mkononi, ketini kidogo niwaambie habari ya woga. Woga naujua vizuri. Nimeuguza macho Kitale na Bungoma tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka nimekuwa huyu bibi wa magoti mabovu mnayemwona, na sijawahi kushika jicho la mtu bila kuogopa. Watu walidhani Sista Wambui ana roho ngumu. Wapi! Nilijifunza tu kuogopa nikiwa nimetulia, na hiyo pia ni kazi.

Aliyenifundisha alikuwa tabibu wa macho tuliyemwita Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye mikono mikubwa kama ya mchimba visima. Ungeona mikono ile ungesema huyu atavunja mtu. Lakini kabla hajagusa jicho, aliweka mgongo wa mkono wake kwenye paji la uso la mgonjwa na kuuacha pale. Anangoja mpaka mtu ashushe mabega. Halafu kidole kinateremka polepole hadi kwenye kope, na mgonjwa hata hajui ni saa ngapi kope limeinuliwa. "Ukimshtua huyu leo," aliniambia, "kesho hata mjukuu wake hatakuja."

Jambo la pili alilonifundisha lilimgharimu. Siku za mwanzo Mzee Barasa alipenda maneno madogo. Kila kitu kilikuwa "kitu kidogo tu." Akaja bwana mmoja wa posho mill, kinu cha kusaga unga, kutoka Kimilili, jicho limepasuka, limeoza, halina la kuokoa. Mzee akamwambia ataoshwa tu kidogo, asiogope. Bwana akalala na dawa ya usingizi, akaamka amefungwa bendeji, na chini ya bendeji hakuna jicho. Mayowe aliyopiga mtu yule nayasikia mpaka leo. Akarudi Kimilili, akasimama sokoni siku ya soko, akafungua bendeji mbele ya watu. Tulikaa kliniki msimu mzima tukifukuza nzi. Watu walipofuka nyumbani kwao na maradhi ambayo tungeyatibu kwa chupa moja ya matone.

Tangu hapo Mzee alibadilika. "Wambui, neno baya liseme mchana, mtu akiwa amekaa, na uliseme wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Usimwachie bendeji amwambie." Hayo nimeyabeba. Sasa sikilizeni mahali yaliponifikisha.

Karibu nistaafu, huduma ya simu ikaletwa upande wetu. Nyinyi mmezaliwa nayo, hamwoni ajabu. Mhudumu wa afya wa kijiji anapiga picha ya jicho, anaandika mgonjwa analalamikia nini, anatuma. Daktari ameketi Kitale anaangalia, anajibu: huyu apewe matone, huyu anataka miwani, huyu aje haraka. Mimi nilipewa kazi ya kuzunguka na wahudumu hao, niwaongoze. Niliogopa kuliko wagonjwa. Kidonda cha jicho kina harufu yake, na simu haina pua. Presha ya jicho unaweza kuihisi kwa ncha za vidole juu ya kope. Nikawa najiuliza, huyu daktari asiyeshika mtu atajua nini?

Na watu je? Hao ndio walinimaliza. Kwetu huku picha ni kitu cha kupendeza. Ukisikia mpiga picha anakuja, unaoga, unapaka mafuta, unavaa ile koti ya harusi. Tulipotangaza kanisani Kamukuywa kwamba Jumatano tunapiga watu picha za macho, wakaja wamevaa! Mzee mmoja alikuja na tai. Akina mama walikuja na hereni. Nikimwambia mtu fungua jicho kabisa, anatabasamu. Wengine waliniuliza picha wataletewa lini na kama itakuwa na fremu.

Hao walikuwa wale wasioogopa. Wenye kuogopa walisimama mbali karibu na ua, wakinong'ona. Mmoja alisema hiyo taa ya simu inanyonya maji ya jicho. Mwingine akasema ati wanachagua macho mazuri, wakiyapata wanakuja kuyatoa, kule Cheptais wameshaanza. Nikauliza Cheptais ni nani ametolewa? Hakuna aliyemjua, lakini kila mtu alikuwa na mtu aliyemsikia. Vijana nao walikuwa na woga wa kisomi. "Sista, simu za siku hizi zinafunguka kwa macho. Nikikupa jicho langu, si mtu ataenda kuchukua mkopo na jina langu?" Nilimwambia aende zake akasome.

Mhudumu wa Kamukuywa alikuwa msichana anaitwa Sharon. Kucha ndefu, viatu vya plastiki, moyo safi kabisa. Alikuwa mwepesi na simu kuliko mimi na tochi yangu. "Sista, relax bana," alikuwa akiniambia. "Hawa wasee watazoea tu." Mimi nilikaa upande wa wazee, nikiwapima kusoma herufi za ukutani. Sharon alikaa upande wa picha, mbele ya mlango wa kanisa, na laini ya watu ilikuwa ndefu.

Katika laini hiyo alikuwapo mama kijana, Metrine, amebeba mtoto wa kike bado hajatimiza miaka mitatu. Mtoto anaitwa Nekesa. Nyuma yao alisimama mama mkwe wake, mama mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani, ambaye sote tulimwita Kukhu, maana ndivyo Wabukusu wanavyomwita nyanya. Mtoto alilia tangu alipoiona simu. Sharon akapiga picha ya jicho moja. Akasema, "Sasa hilo lingine." Metrine akamhamisha mtoto bega la pili, akamgeuza, Kukhu akashika kile kichwa kidogo kwa mikono miwili, Sharon akapiga. Halafu Metrine akainama kabisa kwenye sikio la Sharon, akanong'ona kwamba taa ikipita usiku jicho la mtoto linang'aa kama la paka. Sharon akayaandika maneno hayo, akatuma. Mwingine akaingia.

Mimi hayo yote sikuyaona. Niliyajua kesho yake, daktari aliponipigia simu nikiwa nyumbani Kitale nakunywa chai.

"Sista Wambui, kuna mtoto kwenye picha za jana. Ameandikiwa jicho linang'aa. Nimeletewa macho mawili, yote mazuri."

"Basi Mungu ni mwema," nikasema.

"Nimekutumia picha, fungua uangalie pua iko upande gani."

Nikafungua. Ile kona ya jicho yenye kinyama chekundu, mnaijua, huwa karibu na pua. Jicho la kulia inakaa upande huu, la kushoto inakaa upande ule. Kwenye picha zile mbili kona nyekundu ilikuwa upande mmoja. Nikaweka kikombe chini.

"Haya si macho mawili," daktari akasema. "Ni jicho moja, limepigwa mara mbili. Wamelificha hilo lingine. Sista, mtoto wa umri huo mwenye jicho linalong'aa weupe, unajua kinachoweza kuwa."

Nilijua. Ni kansa ya jicho ya watoto. Ikikaa ndani ya jicho, mtoto anapona. Ikitoka ikafuata mshipa ule wa nyuma kwenda kwenye ubongo, unazika. Na kuiondoa, mara nyingi, lazima uondoe jicho lenyewe.

Mmeona mtego? Jumatano ile, ili kuzima uvumi, nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa zima, pale madhabahuni, nikaapa, kwa jina la Mungu, kwamba hakuna mtu atatolewa jicho kwa sababu ya picha. Na mtoto wa kwanza ambaye simu ilimwona ana shida kubwa, huyo ndiye wa kutolewa jicho. Uvumi wote wa Cheptais ulikuwa unakuja kutimia kupitia kwangu. Niliogopa kwa ajili ya mtoto, ndiyo. Lakini niwaambie ukweli, niliogopa pia kwa ajili ya kila mtu mwingine wa Kamukuywa ambaye angefunga mlango wake akisikia.

Nikampata Sharon kwenye steji ya matatu ya Kamukuywa. Nilipomwambia, akakaa chini kwenye kreti ya soda na kuanza kulia. "Sista, si nilikuwa naangalia skrini tu. Sikumwangalia mtoto."

"Ndiyo ujue. Futa machozi, twende."

Njiani akapata wazo. "Tuwaambie wanaenda kupewa drops, matone tu, Sista. Wakishafika Kitale, daktari atawaambia hizo zingine. Tukisema hapa, watatoroka. Mtoto atakufa, na sisi tulikuwa tunajua."

Vijana, wazo hilo lilinivuta. Msidhani lilikuwa la kijinga. Kila mtu akitaka kuokoa mtoto huwaza hivyo. Lakini nilimwona yule bwana wa posho mill amesimama sokoni na tundu usoni. Nikamwambia Sharon hapana. Yeye akasema, "Na wakikataa?" Nikaongeza mwendo.

Boma lao lilikuwa nyuma ya shamba la mahindi yaliyokomaa, njia nyembamba, majani makavu yanakugusa uso pande zote mbili. Nilipita pale nikiwa na hofu kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Tulimkuta Kukhu anapura maharagwe uani. Alipotuona aliinuka na fimbo yake mkononi, na hakuiweka chini.

"Mulembe, Kukhu," nikamsalimia.

"Mulembe. Mtoto hayuko. Ameenda Cheptais kwa shangazi yake."

Hata sikuwa nimemuuliza. Na ndani ya nyumba nikasikia kikohozi kidogo, halafu sauti ya mtu mzima inayonyamazisha.

"Kukhu, sijakuja kumchukua mtoto. Nimekuja kuongea na wewe."

"Ongea."

"Tukae kwanza."

"Mimi nasikia nikiwa nimesimama." Akaninyooshea fimbo kifuani. "Wewe ni mtu wa Kitale. Watu wenu walikuja kutoka mbali wakapewa mashamba, wakazaa, wakakaa, sisi tukawapokea. Mimi sina ubaya na wewe. Lakini hiyo simu yenu najua inatafuta nini. Ndio nilimwambia huyu msichana mama ya Nekesa, onyesha lile zuri. Kitu kibaya hakipigwi picha. Hata maiti tukiiweka kwa picha tunaipamba. Utapigaje picha ugonjwa?"

Sharon akafungua mdomo, nikambana mkono. Nikamwambia Kukhu yale maneno. Nilisema kuna ugonjwa ndani ya lile jicho, ni kansa, haungojei mavuno, na huenda daktari akalitoa jicho ili mtoto abaki. Nilisema mchana, kwa mdomo wangu. Ila mtu hakuwa amekaa.

Kukhu akapiga fimbo chini, maharagwe yakaruka. "Ondokeni! Mlisema hamtoi macho! Ulisema mbele ya madhabahu, wewe! Ondokeni kabla sijaita watu!" Na kweli watu walianza kutokeza kwenye mahindi, jirani mmoja na panga la kukatia nyasi, mwingine mikono mitupu lakini uso wake ulinitosha. Tukaondoka. Magoti haya mnayoyaona mabovu siku ile yalikimbia.

Tulifika barabarani nikaegemea nguzo. Nilikuwa na hakika nimemuua mtoto kwa ajili ya kusema ukweli.

Ndipo tukasikia mahindi yanasukumwa. Akatoka Metrine, bila viatu, mtoto amefungwa mgongoni na leso. Alikuwa amepita nyuma ya choo.

"Sista, umesema kweli? Watalitoa?"

"Huenda, mama. Ndiyo."

Akakaa chini palepale kwenye nyasi, kama mtu aliyekatwa miguu. Nikakaa naye. Baba ya mtoto, akaniambia, yuko kazi ya mjengo Nakuru, amempigia simu, amesema mama yake aamue. "Na mama ameamua. Lakini Sista, mimi ndio nalala na huyu mtoto. Mimi ndio naona vile linang'aa. Siku hizi linang'aa hata mchana." Akamshusha mtoto mgongoni, akamweka mapajani, akamgeuza. Kwa mara ya kwanza nikaliona lile jicho. Katikati, mahali pa mboni nyeusi, palikuwa na weupe. Niliweka mgongo wa mkono wangu kwenye paji la uso la mtoto, nikauacha pale. Nekesa hakulia.

"Huyo daktari wa simu," Metrine akasema. "Yeye amemwona mtoto wangu. Mimi sijamwona yeye. Nitampaje?"

Nikaona haya. Miezi yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria hilo. Tulikuwa tumewaomba watu wamwonyeshe macho yao mtu ambaye hawajamwona hata kivuli. Ungempa?

Sharon alikuwa na bando la intaneti. Akampigia daktari kwa video. Netiweki ya pale mnaijua, inakuja ikienda. Mara ya kwanza ikakatika kabla hajasema lolote. Metrine akasema, "Umeona? Amekataa." Sharon akapanda juu ya jiwe, akainua simu, akapiga tena. Akatokea. Mtu wa kawaida, shati la bluu, miwani, nyuma yake ukuta wenye kalenda.

Metrine akaichukua simu na kuisogeza karibu mpaka ikakaribia kumgusa pua. "Sogea," akamwambia. "Nataka kuona macho yako."

Daktari akasogea. "Toa hiyo miwani." Akaitoa. Akabaki akipepesa pepesa, akimtafuta kwenye skrini.

"Ala! Kumbe na wewe huoni?"

"Sioni, mama. Nilianza kuvaa miwani nikiwa darasa la tatu. Ndio nikasomea macho."

Metrine akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesahau kwamba analia. Halafu akamuuliza maswali ambayo sitayasahau. Aliuliza kama yeye mwenyewe ndiye atakayeshika kisu. Akajibu ndiyo. Aliuliza kama ana mtoto. Akajibu anao wawili. Aliuliza, "Angekuwa wako?"

Daktari akasogea karibu zaidi na skrini. "Ningempeleka leo," akasema. "Na ningeogopa vile unaogopa."

Metrine akamrudishia Sharon simu. Akamfunga mtoto mgongoni tena. Hakurudi nyumbani kuchukua hata sweta. Tuliondoka naye vile alivyokuwa, bila viatu, na Sharon akavua viatu vyake vya plastiki akampa, yeye akarudi nyumbani peku.

Jicho lilitolewa. Ugonjwa ulikuwa haujatoka nje, ila ulikuwa umekaribia. Siku ya pili Kukhu akatokea wodini, kitambaa cheupe kichwani, amenyooka. Nikajiandaa kwa fimbo. Hakunisalimia. Alimtazama mtoto aliyelala na bendeji, akakivuta kidole kimoja cha mguu wa mjukuu, akakishika. Kisha akageuka.

"Mmelipeleka wapi?"

"Nini, Kukhu?"

"Jicho. Nimekuja na kitambaa. Nilichukue tulizike nyumbani."

Nikamweleza kwamba limepelekwa maabara, mbali, ili waangalie ugonjwa ulikuwa umefika wapi. Uso wake ukabadilika. Hakupiga kelele, na ningependelea apige. Alisema kwa sauti ya chini, "Basi ni kweli. Yanapelekwa mbali." Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Nikaomba ruhusa, nikamwita daktari, akaja akakaa naye kwenye benchi na kumweleza pole pole. Sijui alimwambia nini. Niliona tu Kukhu amekunja kile kitambaa na kukirudisha kifuani.

Mficha maradhi kilio humuumbua, tunasema. Ni kweli. Lakini mtu haachi kuficha kwa kuimbiwa methali. Yule mama hakuwa mjinga. Alikuwa anamlinda mjukuu wake kutoka kwa watu asiowajua, na nyinyi mngefanya vivyo hivyo. Kwa hivyo sasa mkienda uwanjani, picha ya kwanza pigeni ya uso mzima, ndipo mje kwenye jicho moja moja. Inueni macho kwenye skrini mmwangalie mtu. Na kabla hamjachukua picha ya yeyote, waonyesheni picha ya daktari, hata akiwa amevaa miwani, hata akiwa mbaya wa sura. Kamukuywa tulianza kufanya hivyo na watu walirudi, si wote, wengine bado wanapita upande ule wa barabara wakiniona.

Mimi nimestaafu. Nekesa anaenda chekechea, ana jicho la kutengenezwa ambalo watoto wenzake wanamwomba awaonyeshe. Lile lililobaki lina tarehe zake za kliniki. Analazwa usingizi hospitali, linachunguzwa lote, kwa sababu ugonjwa ule unaweza kuzuka upande wa pili. Picha haiwezi kufanya kazi hiyo, msidanganywe. Lakini katikati ya tarehe hizo daktari alimwomba Metrine awe akipiga picha nyumbani na taa ya simu, amtumie. Taa ikipiga, ndani ya mboni pakiwa na wekundu, sawa. Pakiwa na weupe, si sawa.

Metrine alikataa kumtumia daktari moja kwa moja. "Wewe kwanza, Sista. Ukisema iko sawa ndio namtumia." Nilimwambia mimi si daktari, nimestaafu, macho yangu yenyewe yamechoka. Hakusikia. Basi kila Jumamosi simu inalia, na kila Jumamosi mimi mtu mzima naiacha mezani kwanza. Nazunguka. Nafuta meza ambayo haina uchafu. Nasema sala fupi ambayo sitawaambia. Ndipo naifungua. Wekundu, kila mara wekundu, nami namwandikia: liko sawa, mtumie daktari.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo. Simu ikalia. Nikafuta mikono, nikavaa miwani, nikafungua. Nekesa alikuwa amelivuta kope mwenyewe kwa kidole chake, amejivunia, mdomo wazi. Wekundu. Nikatazama tena. Wekundu. Nikaandika kama kawaida.

Simu ikalia tena, safari hii ya kuongea. Metrine huwa hapigi, huandika. Nikaipokea nimesimama.

"Sista, nisamehe. Leo nilimtumia daktari kwanza."

"Hivyo ndivyo vizuri! Amesema nini?"

"Ameona kitu pembeni. Kidogo sana, ati pengine ni mwanga wa dirisha tu. Anataka kumwona Jumatatu asubuhi. Amesema hata kama ni ugonjwa wenyewe, ukiwa mdogo hivyo wanauchoma, jicho linabaki."

Nikaifungua ile picha tena, nikaikuza mpaka ikawa madoa matupu. Pembeni sikuona kitu. Nikavua miwani, nikafuta macho, nikapenga pua. Mchele ulikuwa umemwagika sakafuni wala sikujua saa ngapi.

"Sista? Uko?"

"Niko, mama."

"Usilie. Kukhu ameshapanga nguo za mtoto. Amesema safari hii yeye ndiye atamshika mpaka kwa daktari."